Namna ya Kuwa Shabiki Lialia wa Pirates na Penguins: Mwongozo kwa Mgeni wa Pittsburgh

Mtu anayehamia Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, akitokea Bukavu, Kigoma, Mombasa au kwingineko kunakozungumzwa Kiswahili, huwa amekuja na ushabiki wake tayari. Ana klabu yake ya soka ya nyumbani, ana nyingine ya Uingereza, na hahitaji kufundishwa namna bao la dakika za lala salama linavyoweza kumnyima mtu usingizi. Anachokosa ni timu ya mahali anapoishi sasa, timu ambayo fundi wa magari, mwalimu wa mwanawe na muuguzi wa zamu ya usiku wote wanaizungumzia asubuhi, naye anabaki kutabasamu tu kwa sababu hajui kilichotokea jana.

Mwongozo huu unahusu timu mbili za mji huo: Pirates ya besiboli na Penguins ya hoki, yaani mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Iko pia timu ya tatu, Steelers, ya futiboli ya Kimarekani, na ndiyo yenye kelele kubwa kuliko zote, lakini hiyo hucheza karibu mara moja kwa wiki, ilhali ushabiki ninaokusudia kuueleza ni ule wa kila siku. Nashauri uzishike Pirates na Penguins kwa pamoja tangu mwanzo, wala usichague moja kwa kuwa ina makombe mengi ya karibuni. Penguins imetwaa Kombe la Stanley mara tano, katika miaka ya 1991, 1992, 2009, 2016 na 2017. Pirates nayo ni bingwa wa besiboli mara tano, lakini ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1979, na hapo ndipo wageni wengi hukata tamaa mapema mno.

Hatua ya kwanza: panga mwaka wako kwa misimu miwili

Msimu wa kawaida wa besiboli huanza mwishoni mwa Machi na kumalizika mwishoni mwa Septemba. Kila timu hucheza mechi 162, na 81 kati ya hizo huchezwa nyumbani. Hoki huanza Oktoba na kuendelea hadi Aprili, kisha hufuata hatua ya mtoano inayoweza kufika Juni, na kwa miaka mingi msimu wake umekuwa wa mechi 82. Ukiziunganisha timu hizi mbili utaona kwamba moja inapolala nyingine huamka, na kwamba ni wiki chache tu za mwaka ambazo shabiki hana cha kungojea.

Hesabu hiyo ina maana yake. Aliyezoea ligi ya Tanzania Bara, ambamo Simba au Yanga hucheza mechi 30 kwa msimu na kila sare ni msiba, atachoka kabla ya mwezi wa Mei akiipa kila mechi ya besiboli uzito uleule. Pirates hukutana na mpinzani mmoja mara tatu au nne mfululizo, siku baada ya siku, hivyo kipigo cha Jumanne hujibiwa Jumatano. Chagua mechi mbili kwa wiki utakazozifuata tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa zile nyingine ridhika na kusoma matokeo asubuhi unapokunywa chai.

Hatua ya pili: anza na redio kabla ya tiketi

Pittsburgh ina haki ya kujivunia redio. Tarehe 5 Agosti 1921 kituo cha KDKA cha mji huo kilirusha hewani mechi ya kwanza ya besiboli kuwahi kutangazwa redioni, Pirates ikicheza na Phillies ya Philadelphia katika uwanja wa Forbes Field, naye mtangazaji alikuwa Harold Arlin. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, redio bado ndiyo mlango mzuri zaidi wa kuingilia mchezo huu. Besiboli ina mapumziko mengi kati ya mrusho mmoja na mwingine, na mtangazaji huyajaza kwa historia, majina, takwimu na hali ya hewa. Mtu anayepika ugali huku redio iko wazi dirishani hupata darasa bila kulipa ada.

Kwa anayeendelea kujifunza Kiingereza faida ni kubwa zaidi, kwa sababu maneno yanayotumika ni machache nayo hurudiwa kila usiku. Mwezi wa kwanza mimi nilisikia majina tu. Mwezi wa pili nilianza kutambua kupanda kwa sauti ya mtangazaji kabla ya kuelewa alichosema, na kufikia Julai niliweza kumweleza mwenzangu wa kazini jinsi mechi ilivyopotea. Kwa upande wa picha, stesheni ya SportsNet Pittsburgh, iliyopata jina hilo mwaka 2023, huonyesha timu zote mbili, lakini hiyo inahitaji malipo. Redio ya kawaida haidai chochote.

Ndugu walioko Afrika Mashariki wanaotaka kufuata pamoja nawe watasumbuliwa na saa. Mechi ya jioni ya Pirates inayoanza saa 12:40 jioni huwa ni saa 7:40 usiku Dar es Salaam na Nairobi, na ile ya hoki ya saa 1:00 jioni, wakati wa majira ya baridi, huanza huko saa 9:00 usiku. Waelekeze kwenye mechi za Jumapili mchana: mechi inayoanza Pittsburgh saa 7:35 mchana huwafikia saa 2:35 usiku, muda ambao hata watoto wako macho.

Hatua ya tatu: jifunze besiboli kwa kalamu na daftari

Aliyewahi kucheza raundasi shuleni ana msingi tayari. Timu moja hupiga na nyingine hulinda, kisha hubadilishana. Mrushaji hurusha mpira kuelekea kwa mpigaji aliyeshika rungu. Mpigaji akiukosa, au akiuacha ilhali ulipita katika eneo halali, huhesabiwa straiki, na straiki tatu humtoa. Mrushaji akikosea eneo hilo mara nne, mpigaji hupewa besi ya kwanza bila jasho. Mchezaji aliyezunguka besi zote nne akarudi alipoanzia huiletea timu yake pointi. Wakitolewa watatu, zamu huhama, na zamu za pande zote mbili hukamilisha awamu moja kati ya awamu tisa. Anayeupiga mpira ukavuka uzio huzunguka besi zote kwa mwendo wa kutembea, na pigo hilo ndilo homurani.

Kanuni zilizobaki utazipata kidogo kidogo. Jambo ninalolisisitiza, na ambalo wenyeji wengi wenyewe wamekwisha kuliacha, ni kuandika mechi kwenye daftari. Kila nafasi ya ulinzi ina namba yake isiyobadilika: mrushaji ni 1, mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, mlinzi wa besi ya kwanza ni 3, wa pili ni 4, wa tatu ni 5, anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu ni 6, nao wa nyuma kabisa ni 7 kushoto, 8 katikati na 9 kulia. Mpira ukipigwa kwa namba 6, naye akamrushia namba 4, kisha ukafika kwa namba 3 na wapinzani wawili wakatolewa kwa mpigo mmoja, unaandika 6-4-3. Aliyetolewa kwa straiki tatu unamwandikia herufi K, na kama alisimama tu akautazama mpira wa mwisho ukipita bila kuzungusha rungu, unaigeuza herufi hiyo itazame nyuma.

Chora mistari mwenyewe: safu tisa za wapigaji kwa kila timu, na vyumba tisa vya awamu mbele ya kila jina. Mechi yako ya kwanza itakuwa na mifuto mingi. Ya tano utaanza kuona kitu ambacho macho peke yake hayakioni, kwa mfano kwamba mpigaji fulani hutolewa kwa njia ileile kila anapokutana na mrushaji wa mkono wa kushoto, au kwamba mrushaji aliyetawala awamu tano ameanza kuchoka katika ya sita, kwa kuwa chumba baada ya chumba wapigaji wanafika besi. Hapo hutahitaji kuambiwa kwamba kocha anakaribia kumbadilisha. Walalamikao kwamba besiboli ni mchezo wa kusinzia wanautazama mpira ukiwa umetulia mkononi mwa mrushaji. Mwenye daftari anatazama uamuzi unaokuja. Tena, tangu mwaka 2023 mrushaji amewekewa saa ya sekunde chache za kurusha, kwa hiyo mechi zimekuwa fupi kuliko zamani.

Hatua ya nne: jifunze hoki kwa kuacha kukifuata kisahani

Hoki ni kinyume kabisa. Kila timu huwa na wachezaji watano na mlinda mlango mmoja juu ya barafu, vipindi ni vitatu vya dakika 20 kila kimoja, na kinachopigwa ni kisahani cheusi cha mpira mgumu ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mgeni hukaza macho kwenye kisahani, hukipoteza baada ya sekunde tatu, kisha hukata tamaa. Watazame watu. Angalia miili ya walinzi inageukia wapi, na mlinda mlango ameelekeza bega lipi, na kisahani utakiona kikifika pale ulipokwisha kutazama. Angalia pia benchi, kwa sababu wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, na wengi hawamalizi dakika moja kwenye barafu kabla ya kurudi kupumua.

Mpenzi wa soka ana bahati hapa, kwa kuwa kuotea anakujua. Tofauti ni kwamba katika hoki anayeamua ni mstari wa buluu uliochorwa chini ya barafu: mshambuliaji haruhusiwi kuuvuka kabla ya kisahani. Adhabu nazo ni rahisi kueleweka. Anayemkwatua mwenzake kwa gongo au kumshika hukaa nje dakika mbili, timu yake ikicheza pungufu, na dakika hizo mbili ndizo zinazoamua mechi nyingi. Mechi ikiwa sare, huongezwa dakika tano za watatu kwa watatu, kisha mikwaju. Mshindi hupata pointi mbili, naye aliyeshindwa katika muda huo wa ziada hupewa moja. Hatua ya mtoano haina mikwaju. Huko vipindi vya dakika 20 huongezwa hadi bao lipatikane, hata kama ni usiku wa manane.

Ukitaka kuona kwa nini watu wazima wa mji huu hulia wakisimulia, tafuta video ya dakika ya mwisho ya fainali ya tarehe 12 Juni 2009. Penguins ilikuwa ugenini Detroit katika mechi ya saba na ya mwisho, ikiongoza 2 kwa 1 kwa mabao mawili ya Max Talbot. Zikiwa zimebaki sekunde chache kabisa, kisahani kilimwangukia Nicklas Lidstrom upande ambao lango lilikuwa wazi, naye mlinda mlango Marc-André Fleury akajirusha mwili mzima kukizuia. Itazame mara kadhaa. Mara ya kwanza utaona mlinda mlango tu. Baadaye utaona ni nani aliyemwacha Lidstrom peke yake.

Mazoezi ya Penguins hufanyika katika kituo cha UPMC Lemieux Sports Complex kilichoko Cranberry, kaskazini mwa mji, na mara nyingi umma huruhusiwa kuingia bila kiingilio. Kwa familia yenye watoto wengi, hilo ndilo darasa la kwanza linalofaa, kwa sababu tiketi za mechi zenyewe si za bei ya chini. Na wakati wa baridi vaa viatu vya barafu angalau mara moja, katika uwanja wa Schenley Park au ule wa katikati ya mji pale PPG Place. Nusu saa ya kushika ukingo kwa mikono miwili itakufanya umheshimu kila mchezaji maisha yako yote.

Hatua ya tano: wajue waliotangulia

Hatua hii ndiyo naipenda kuliko zote, na nakuomba usiiruke ukidhani ni ya wazee.

Anza na Roberto Clemente. Alizaliwa Carolina, Puerto Rico, mwaka 1934, akajiunga na Pirates mwaka 1955, akacheza misimu 18, yote kwa klabu hiyo moja. Alikuwa mweusi na alikuwa msemaji wa Kihispania, na waandishi wa habari wa siku zile walizoea kuunukuu uzungumzaji wake wa Kiingereza kwa namna ya kuudhalilisha. Hakukubali. Alidai heshima yake mbele ya watu, akawa mchezaji bora wa fainali za mwaka 1971, na tarehe 30 Septemba 1972 akapata pigo lake salama la 3,000, yaani pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi bila kutolewa. Halikufuata jingine katika msimu wa kawaida. Desemba ya mwaka huo tetemeko liliibomoa Managua, mji mkuu wa Nikaragua, Clemente akakusanya misaada, na alipopata habari kwamba misaada iliyotangulia haikuwafikia walengwa aliamua kuisindikiza mwenyewe. Ndege ilianguka baharini mara baada ya kuruka kutoka San Juan, usiku wa tarehe 31 Desemba 1972. Alikuwa na miaka 38.

Msemaji wa Kiswahili aliyewahi kuchekwa lafudhi yake kazini hahitaji maelezo ya ziada kuhusu mtu huyo. Jezi yake ilikuwa namba 21, na ukuta wa upande wa kulia katika uwanja wa PNC Park una urefu wa futi 21 kwa ajili yake. Mwaka 2025 tangazo la biashara lilipochukua nafasi ya nembo ya namba hiyo ukutani, familia yake na mashabiki walilalamika, na klabu ikairudisha nembo. Makumbusho yake yako mtaa wa Lawrenceville, katika jengo lililokuwa kituo cha zimamoto. Huingii ovyo, sharti uweke miadi.

Kutoka kwa Clemente rudi nyuma hadi kwa Josh Gibson, kwa sababu kabla ya mwaka 1947 ligi kuu iliwafungia weusi milango, na Pittsburgh ilikuwa na timu mbili kubwa za weusi, Crawfords na Homestead Grays. Gibson, mdakaji aliyecheza katika timu zote mbili, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuingia ligi kuu. Mwaka 2024 takwimu za ligi za weusi zilipojumuishwa rasmi na zile za ligi kuu, wastani wake wa upigaji wa .372, yaani mapigo salama 372 kwa kila majaribio 1,000, ukawa wa juu kuliko wa mchezaji yeyote katika historia. Amezikwa Allegheny Cemetery, mjini humohumo. Ndipo utaelewa uzito wa tarehe 1 Septemba 1971, siku ambayo Pirates iliwapanga wachezaji tisa, wote weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi kuu.

Upande wa hoki, jina la kwanza ni Mario Lemieux, Mkanada aliyesajiliwa mwaka 1984. Januari 1993 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi za limfu. Siku alipomaliza tiba yake ya mwisho ya mionzi, tarehe 2 Machi, alipanda ndege hadi Philadelphia akacheza jioni hiyohiyo na kufunga bao, na mashabiki wa Flyers, watani wa jadi wa Penguins katika jimbo hilo, walisimama kumpigia makofi. Klabu ilipofilisika, yeye akiwa anaidai mamilioni ya dola za mshahara, aliligeuza deni hilo kuwa hisa na mwaka 1999 akawa mmoja wa wamiliki. Bila uamuzi huo huenda timu ingehamia mji mwingine. Baadaye alivaa tena viatu vya barafu akawa mmiliki anayecheza katika timu yake mwenyewe. Aliyempokea kijiti ni Sidney Crosby, aliyesajiliwa mwaka 2005, mwenye jezi namba 87 kwa sababu alizaliwa tarehe 7 Agosti 1987.

Yapo pia mambo yanayotuhusu moja kwa moja. Tarehe 26 Aprili 2017, katika uwanja wa PNC Park, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia akiwa na jezi ya Pirates na kuwa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza katika ligi kuu ya besiboli, na katika zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga alipata pigo salama dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs. Alikulia katika chumba cha jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Mwaka 2023 Pirates ilimsajili mrushaji kijana kutoka Uganda, David Matoma, kwa ajili ya timu zake za chini. Naye Crosby, mwaka 2018, alivaa jezi ya Ice Lions ya Kenya, timu iliyozoea kufanya mazoezi kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli moja jijini Nairobi, akacheza upande wao pamoja na Nathan MacKinnon walipoalikwa Kanada. Waonyeshe watoto picha hizo mapema, kabla hawajaamua kwamba michezo hii si ya watu kama wao.

Hatua ya sita: nenda uwanjani

Kwa besiboli, chagua siku ya katikati ya wiki mwezi Mei au Septemba, na nunua kiti cha jukwaa la juu nyuma ya besi ya nyumbani. Viti hivyo huwa vya bei nafuu, na kutoka huko unaona uwanja wote, mto Allegheny nyuma ya uzio, daraja la njano na majengo marefu ya katikati ya mji. Uwanja huchukua watu takriban 38,000, na ni nadra ujae siku kama hiyo. Usilipie maegesho. Treni ya mjini haina nauli kati ya vituo vya katikati ya mji na vile vya ng'ambo ya mto, nalo daraja lenye jina la Roberto Clemente hufungwa kwa magari siku za mechi, hivyo unaweza kuvuka kwa miguu pamoja na umati. Chukua koti hata mwezi wa Mei. Ukikaa karibu na mistari ya pembeni, usiinamie simu mrushaji anaporusha, kwa maana mpira unaotoka nje huja kwa kasi ya kuumiza.

Kwa hoki, uwanja ni PPG Paints Arena, wenye viti zaidi ya 18,000, na kituo cha treni cha karibu ni Steel Plaza. Fika mapema utazame wachezaji wakipasha misuli. Usitoke wala kurudi kitini mchezo ukiendelea. Wahudumu watakuzuia mlangoni hadi filimbi ipulizwe. Mchezaji mmoja wa Penguins akifunga mabao matatu, watu hurusha kofia zao barafuni, kwa hiyo usiende na kofia unayoipenda sana. Mechi za maandalizi za Septemba ni njia nzuri ya kuingia kwa gharama ndogo.

Ukiwa njiani, tazama eneo lililo karibu na uwanja huo, upande wa Hill District. Hapo ndipo palipokuwa na uwanja wa zamani wa Penguins uliofunguliwa mwaka 1961, na ili ujengwe, wakazi wapatao 8,000, wengi wao weusi, waliondolewa majumbani mwao. Shabiki wa kweli anapaswa kulijua hilo pia.

Kuhusu mavazi, nyeusi na njano ya dhahabu ndizo rangi za bendera ya mji, na timu zote huzivaa, kwa hiyo kofia moja inakutosha mwaka mzima. Jezi yenye jina la mchezaji inaweza kungoja.

Hatua ya saba: kaa wakati wengine wanaondoka

Kuanzia mwaka 1993 hadi 2012 Pirates ilimaliza misimu 20 mfululizo ikiwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, na hakuna timu nyingine ya ligi kubwa za Amerika Kaskazini iliyowahi kufikia idadi hiyo. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakahitimu sekondari, bila kuona msimu mmoja mzuri. Kisha ikaja jioni ya tarehe 1 Oktoba 2013, mechi ya mtoano dhidi ya Cincinnati, uwanja mzima umevaa nyeusi, maelfu wakiliimba jina la mrushaji wa wageni, Johnny Cueto, hadi mpira ukamponyoka mkononi. Mrusho uliofuata Russell Martin aliupiga nje ya uzio. Kila mwenyeji wa umri wangu anajua alikuwa amesimama wapi, nao waliokuwa wamevumilia ile miaka 20 hawakuhitaji kueleza kwa nini wanakumbatiana na watu wasiowajua.

Kuanzia 2016 hadi 2025 timu haikufika tena hatua ya mtoano, na mashabiki wengi wanaamini uongozi hautumii fedha za kutosha kwa wachezaji. Nami naamini hivyo. Unaweza kuudai uongozi uwajibike na bado ukaenda kumtazama Paul Skenes, mrushaji aliyeanza ligi kuu Mei 2024 na ambaye mwaka uliofuata alitwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Ukisikia siku ya mechi ya nyumbani kwamba ni zamu yake, acha ulichokuwa ukifanya jioni hiyo. Timu ikishinda, utaona bendera nyeusi yenye fuvu ikipandishwa. Wenye nyumba wengi wanayo barazani, nawe nunua yako, uipandishe hata kama ni ushindi wa 60 katika msimu wenye vipigo 90.

Hatua ya nane: tarehe 13 Oktoba, nenda ukutani

Katika mtaa wa Oakland, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kimebaki kipande cha ukuta wa matofali wa uwanja wa zamani wa Forbes Field. Tarehe 13 Oktoba 1960, katika mechi ya saba ya fainali dhidi ya New York Yankees, matokeo yakiwa 9 kwa 9 na awamu ya tisa inaelekea mwisho, Bill Mazeroski aliupiga mpira ukavuka ukuta wa upande wa kushoto na kuipa Pirates ubingwa. Kila mwaka tarehe hiyo mashabiki hukusanyika hapo na viti vyao vya kukunja, wakaisikiliza tena mechi nzima kwenye rekodi ya redio, wakiipanga ili pigo lile liangukie saa 9:36 alasiri, wakati uleule lilipopigwa.

Hakuna kiingilio. Nenda na daftari lako, maana utaweza kuiandika mechi hiyo kama nyingine yoyote, na muulize mzee aliye karibu nawe alikuwa wapi siku hiyo, kisha mwache azungumze kadiri apendavyo. Baada ya hapo panda basi urudi katikati ya mji. Msimu wa hoki utakuwa umekwisha kuanza, na kama Penguins wako nyumbani jioni hiyo, unaweza kuwahi kuwaona wakipasha misuli.